Nani Aliyemtengeneza Mama Mkwe

Kaka yangu alimdanganya baba yetu, na baba akafa na uongo huo. Kazi ya mikono yangu aliichukua akaifanya yake, na kosa la mikono yake akanitwika mimi. Wapo watakaosema ni jambo dogo, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kichwa cha treni cha kuchezea, kirefu kidogo kuliko kiganja changu. Waseme. Mimi naeleza ilivyokuwa.

Kazi yangu ni kuuza vitu vya watoto vya mtumba. Robota likifunguliwa, wenzangu hukimbilia nguo. Mimi naomba gunia la chini, lile ambalo wengine wanaliita takataka. Humo mna wanasesere wasio na jicho, magari yasiyo na tairi, simu za plastiki zinazolia zenyewe usipozigusa na kunyamaza ukizigusa. Navipeleka nyumbani, navifungua, navisafisha, na kinachoweza kutembea kinatembea tena. Ndiyo maana sokoni naitwa Mama Midoli, hata na watu wanaolijua jina langu. Shule niliiona kwa nje. Baba alisema aende mmoja kwanza, na huyo mmoja alikuwa kaka. Zamu yangu ilikawia njiani mpaka nikaolewa, na ndoa ilipovunjika nikarudi kwa baba na mfuko mmoja wa nguo.

Baba alikuwa dereva wa treni za mizigo. Mtaa mzima ulimwita Dereva, hata baada ya macho yake kufa. Yalikufa kwa presha, moja likaanza, la pili likafuata, mpaka akawa hajui kama nimewasha taa au sijawasha. Alikaa chumba cha nyuma kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti, vidole vikitembeatembea kama vinatafuta kitu vilichokidondosha. Shangazi, dada yake, alihamia kwetu amsaidie, ila kazi ya shangazi ilikuwa kukaa naye na kumpa habari za watu. Kuogesha, kufua na kupika kulikuwa kwangu.

Chini ya kitanda cha baba kulikuwa na sanduku lake la bati la kazini. Ndani mna spana, bisibisi za kila aina, taa ya mkono, bendera mbili zilizopauka, na kopo la grisi iliyokwisha kukauka. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akituambia, "Sanduku hili nitampa yule ambaye mikono yake inasikia chuma." Na kila aliposema hivyo, uso wake aliuelekeza kwa kaka.

Kaka alipelekwa karakana siku za mapumziko, akapandishwa juu, akapewa honi aipige. Mimi niliachwa getini na bakuli la chakula cha baba. "Kule kuna grisi, mama," baba aliniambia. Aliniita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao, na alikuwa na sauti nzuri akiniita hivyo. Kaka alirudi analia, eti honi imemuumiza masikio. Mimi ningeipiga mpaka waje kunishusha kwa nguvu.

Basi tukafika ukubwani. Kaka anauza matairi, ana duka lenye baraza pana, na kwenye kona ya baraza hiyo anakaa Fundi Saa na meza yake ndogo na kioo chake cha jichoni. Baraza ni ya kaka. Naomba msilisahau hilo.

Siku moja kwenye gunia langu nilikuta kitu kimefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Nilikishika nikashtuka kwa uzito wake. Vitu vya kuchezea vya siku hizi ni vyepesi, ukivipuliza vinaondoka. Hiki kilikuwa kizito kama pasi. Nilipokitoa nikaona ni kichwa cha treni. Tumboni hakikuwa na mahali pa betri, na magurudumu yake yalikuwa ya chuma, si plastiki. Pembeni mwa magurudumu palikuwa na vibati vyembamba vimelala juu yake kama ulimi. Nikaelewa kwamba umeme wake haukai ndani, kinaunyonya kutoka kwenye reli. Nikalipindua gunia lote. Zikaanguka reli za chuma zilizopinda, na kisanduku cha umeme chenye mkono mdogo: ukiusukuma mbele treni inakwenda mbele, ukiurudisha inarudi nyuma.

Lakini ilikuwa treni gani, sikujua. Mtu alikuwa ameipaka rangi ya kijani ya ukutani, nene, mpaka namba na maandishi yote yakazama. Nikaipeleka kwa Fundi Saa.

"Umeniletea nini leo, Mama Midoli? Safari iliyopita ulinipa mwanasesere anayekojoa, akanilowesha saa ya mteja."

"Huyu hakojoi. Niambie ni nini."

Akaweka kioo jichoni, akakwangua kidogo chini kwa kisu. "Huyu aliyepaka rangi alidhani anapaka choo. Hapa naona volti kumi na mbili. Jina la aliyemtengeneza limeliwa."

"Ni treni ya aina gani?"

"Mimi najua saa. Treni muulize mwenye treni. Si unaishi naye nyumba moja?"

Kwa kweli nilikuwa sijawaza hivyo. Ukimwuguza mtu siku nyingi unasahau kwamba kuna vitu anavijua.

Jioni nikakiweka mikononi mwa baba bila kusema neno. Kwanza alikinusa. Kisha vidole vikaanza safari. Akapita kwenye magurudumu, akasema polepole, "Tatu huku. Tatu huku." Akapita ubavuni, akahesabu vilango kwa ukucha. Akapanda juu ya paa, akakuta nundu ndogo karibu na katikati, na hapo mkono ukasimama.

"Nani amekupa huyu?"

"Nimemkuta kwenye gunia, baba."

"Unamjua?"

"Simjui. Ndiyo nakuuliza wewe."

"Huyu ni Mama Mkwe," akasema, na akacheka. Ilikuwa zamani sijamsikia akicheka kwa kitu ambacho shangazi hakumsimulia. "Mimi nimekula ujana wangu wote mgongoni mwa huyu. Angalia. Watu wanadhani dereva anakaa mbele. Kwa huyu hapana. Chumba cha dereva ni hiki kifupi, kiko nyuma, na hii pua ndefu ndiyo inatangulia. Wewe unachungulia pembeni kama mwizi, nusu ya njia unaiona, nusu unamwachia yeye. Ndiyo tukamwita Mama Mkwe. Anatangulia yeye, wewe unafuata nyuma kwa adabu, na ukikosea anakwambia mbele za watu."

Shangazi akacheka mpaka akajifuta macho. Baba akauliza, "Anatembea?"

"Bado, baba. Amekufa ndani. Nitamtengeneza."

"Mpelekee kaka yako."

"Naweza mimi."

"Mama, huyu si mwanasesere," akasema, kwa upole kabisa, na akakilaza kichwa kile kifuani kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Asubuhi nikamwomba, nikamwambia nakipeleka kwa fundi. Sikusema fundi gani. Nilitaka siku kitakapotembea, mkono wake ukiwa juu yake, ndipo nimwambie aliyekitengeneza ni nani. Sikuwa na shida na spana wala bendera zilizopauka. Nilitaka aseme, hata mara moja, kwamba mikono yangu nayo inasikia chuma. Nisingekuja kudai kitu kingine kwa baba.

Nilikifungulia kwenye meza yangu sokoni, wateja wakiwa wachache. Kofia yake, yaani bodi lote la juu, ilishikwa na vijino vinne vya plastiki, na ukivilazimisha vinakatika. Niliviachia kimoja kimoja kwa kucha na kadi ya simu iliyokwisha kazi. Ndani, mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama gundi ya viatu. Nikayatoa kwa mswaki na spiriti. Magurudumu nikayasugua kwa kifutio cha wanafunzi mpaka yakang'aa. Kaboni mbili zinazopeleka umeme kwenye mota zilikuwa zimelika, zimebaki vipande kama punje ya mchele. Hizo hazipatikani kwetu. Nikavunja betri kavu ya tochi, nikachukua kile kijiti cheusi cha katikati, nikakata, nikasugua kwenye sakafu ya saruji mpaka vikapatikana vipande viwili vinavyoingia bila kubana. Kijiti cha kwanza nilikivunja. Cha pili pia, cha tatu ndicho kikakubali. Fundi Saa alipita akasema nafuga makaa.

Nilipowasha, mota ikazunguka, lakini kichwa kikawa kinakwenda kwa kuchechemea. Tak, kinasita, tak, kinasita. Nikakipeleka barazani, na Fundi Saa kwa kioo chake akagundua kabla yangu: gia ndogo nyeupe kwenye ekseli ya katikati ilikuwa na ufa. Kila ufa ulipofika chini, meno yalikosana. Yeye akaishika kwa kibano, mimi nikaizungushia uzi mwembamba wa kushonea viatu, nikaubana, nikaupaka gundi, tukaiacha ikauke juu ya meza yake kati ya saa za watu.

Likabaki moja. Kwa nyaya zilivyokuwa, ukisukuma mkono mbele, kilitangulia chumba cha dereva. Aliyekitengeneza ndivyo alivyotaka, au ndivyo treni za kwao zinavyokwenda, sijui. Mimi nikakumbuka maneno ya baba. Nikazibandua nyaya mbili za mota, nyekundu nikaiweka pa nyeusi, nyeusi pa nyekundu, kwa chuma chembamba cha kulehemu cha Fundi Saa. Pua ikatangulia.

Siku niliyoichagua, nilizilaza reli kwenye ubao mrefu chumbani kwa baba wakati yeye yuko uani anaota jua. Nikamweka Mama Mkwe juu yake, nikaunganisha kisanduku, nikajaribu, nikazima. Kisha nikatoka mbio kwenda kumwita Fundi Saa. Nilitaka awepo, kwa sababu ile gia aliishika yeye.

Tuliporudi, kutoka kibarazani tukaisikia. Ule mvumo mwembamba wa mota, na magurudumu kwenye viungo vya reli. Niliposimama mlangoni nilimwona baba ameinamia ubao, kidole chake kimegusa ncha ya pua ya treni, anakwenda nayo, anarudi nayo. Shangazi amekaa kitandani anapiga makofi bila sauti. Na kaka yangu amepiga magoti, ameshika kisanduku cha umeme.

"Anatangulia," baba alikuwa akisema. "Umemweka atangulie. Umekumbuka, mwanangu."

"Ningesahau vipi, mzee," kaka akajibu.

Jinsi ilivyoanza niliambiwa na shangazi mwenyewe, akiwa ananisifia kaka. Kaka alikuja kumsalimu baba, akamleta ndani kutoka uani, akaona treni, akausukuma mkono. Baba aliposikia sauti akauliza, "Umemtengeneza wewe?" Na kaka akasema, "Tumejitahidi, mzee." Hakula kiapo. Hakutunga hadithi. Alisema tumejitahidi, kama mtu mstaarabu anavyosema akisifiwa, na akanyamaza.

Nikafungua mdomo. "Baba, huyo..."

"Dada," kaka akasema, akainuka, akaniwekea mkono begani, "njoo nje kidogo."

Uani alinong'ona. "Nitamwambia. Wallahi nitamwambia. Leo mwache afurahi."

"Mwambie sasa."

"Sasa hivi? Ameshamshukuru Mungu kwa ajili yangu, umsimamishe umwambie amekosea mtu? Atajiona mjinga. Unataka baba yako ajione mjinga mbele ya dada yake?"

Fundi Saa alikuwa karibu yetu, anaangalia viatu vyake. Nikamwambia, "Wewe umesikia." Akasema amesikia. Tukarudi ndani, shangazi akamkaribisha chai, akainywa, akasema treni ni nzuri, akaaga.

Kaka alikuja tena, na tena. Kila alipokuja aliniambia si leo. Leo mzee amechoka, leo kuna wageni, leo presha imepanda. Na wageni walikuwa wengi, maana shangazi alieneza habari, na madereva wenzake baba waliobaki walikuja kusikiliza Mama Mkwe akitembea kwenye ubao. Kaka aliendesha. Mimi nilipitisha vikombe.

Mwisho nikasema mwenyewe. Nilikuwa namkata baba kucha, tuko wawili.

"Baba, Mama Mkwe nilimtengeneza mimi."

Akauliza, "Alikuwa na nini?"

Nikamweleza. Mafuta yaliyoganda, kaboni za betri kavu, gia yenye ufa, uzi wa viatu, nyaya nilizozigeuza. Alisikiliza kichwa kimeinama, na mimi nikaona sasa nimefika. Akasema, "Kaka yako amekueleza vizuri. Hakukuficha kitu. Basi na wewe usigombee sifa yake, mama. Kila mtu ana lake."

Sijui kama mnaelewa. Kila ushahidi niliokuwa nao ulimwongezea kaka.

Nikaenda kwa Fundi Saa. Nikamwomba aje aseme neno moja tu, kwamba gia ile tuliifunga sisi wawili. Akatoa kioo jichoni, akakifuta kwa muda mrefu.

"Mama Midoli, mimi nimekaa wapi hapa?"

"Barazani kwa kaka."

"Basi umeshajijibu."

"Gia uliishika kwa mkono wako."

"Niliishika. Na hii meza nayo nimeishika."

Nilimtukana kidogo. Alikubali matusi, akanipa kiti, sikukaa.

Kisha Mama Mkwe mwenyewe akaanza kusema. Uzi ulilegea. Baba alisikia kabla ya mtu yeyote. Tak, akasita. "Ana jino linagonga," akamwambia kaka. "Ni ule uzi wa viatu. Limelegea. Lifunge tena kabla halijamla mwenzake."

Kaka akaja sokoni kwangu. Alikuwa hajawahi kufika kwenye meza yangu, alikuwa anapita mbali kama hanijui. Akakiweka kile kichwa kati ya wanasesere.

"Dada, nisaidie."

"Mwambie baba kwanza."

"Tengeneza kwanza, nitamwambia jioni hii."

"Hiyo jioni yako naijua. Ina ndevu sasa."

"Mzee anasubiri. Utamnyima mzee kwa sababu yangu?"

"Mwambie, nami nitaifunga papo hapo mbele yake. Kazi yenyewe ni uzi na gundi."

Akatazama huku na huku, maana wauzaji wenzangu walikuwa wameacha kuita wateja ili wasikie. "Yaani unafanya yote haya kwa treni ya kuchezea?"

"Wewe ndiye uliyeyafanya kwa treni ya kuchezea."

Akakichukua akaondoka. Sikumwita. Na sijutii.

Alikwenda kuifungua mwenyewe dukani. Fundi Saa alinisimulia baadaye, alipokuwa hana cha kupoteza kwa kunisimulia. Vijino viwili vya kofia vilikatika hapo hapo. Ili aifikie gia, kaka akazing'oa nyaya za mota. Alipotaka kuzirudisha, akachukua chuma cha kulehemu rejeta za magari, kinene kama kidole gumba, chenye moto wa kuyeyusha bomba. Na kwa kuwa alikuta nyekundu imekaa pa nyeusi, akaona hilo ndilo kosa lenyewe. Akalisahihisha. Nyekundu akairudisha pa nyekundu, nyeusi pa nyeusi, akafurahi. Plastiki inayoshika kaboni ililainika kwa joto, kaboni zikakaa upande.

"Na wewe ulikuwa unaangalia?" nilimwuliza Fundi Saa.

"Nilikuwa na saa ya mteja," alisema.

Jioni hiyo kaka alikileta. Nilikuwa naingia na sinia la chai. Baba alishaweka kidole kwenye ncha ya pua, anasubiri kama kawaida kisukumwe. Kaka akausukuma mkono mbele, na treni ikakikimbia kidole. Ilikwenda kinyume, chumba cha dereva kikitangulia, na kidole cha baba kikabaki hewani.

"Nani amemgeuza?" baba akauliza.

Kaka akainamia kisanduku.

"Mama Mkwe ameonyeshwa njia ya nyuma. Nani amemgeuza?"

Nilimwona kaka akiniangalia. Mpaka leo namwona. Alikuwa na nafasi ya kusema lolote, hata kusema hajui. Akasema, "Labda dada, mzee. Huwa anafagia humu. Nadhani amekigusa."

Ikaanza kunuka. Moshi mwembamba ukatoka kwenye nundu, mota ikalia kidogo, ikakaa kimya. Baba alikifuata kwa mikono juu ya ubao, akakipata, akakiachia kwa sababu kilikuwa cha moto. Shangazi akafungua dirisha.

"Sikukigusa, baba," nikasema.

"Mama." Hakupandisha sauti. "Kazi za kaka yako usiziguseguse."

"Baba, huyu ndiye..."

"Inatosha," shangazi akaingilia. "Mzee ana presha. Ukitaka kumwua mwue siku nyingine."

Baba akapapasa vidole vyake vilivyoungua. Kisha akamwambia shangazi avute sanduku chini ya kitanda. Shangazi akalivuta, bati likalia sakafuni. Baba akaweka mkono juu ya kifuniko. "Lichukue leo," akamwambia kaka, "kabla nalo halijaguswa."

Kaka akalichukua. Alipopita mlangoni ilibidi nisogee na sinia langu apite.

Baba hakuishi sana baada ya hapo. Alidhoofika taratibu, akaacha kutoka uani, kisha akaacha kukaa kitini. Nilimlisha, nilimgeuza, nilimsafisha. Hakuninunia hata siku moja, na hapo ndipo palipo pabaya. Siku moja, nikiwa nambadilishia shuka, aliuliza Mama Mkwe yuko wapi.

"Yupo kwenye boksi, baba. Amepumzika."

"Uliniharibia," akasema, akatafuta mkono wangu, akaupata, akaupigapiga. "Lakini si kwa kusudi. Nimekusamehe, mama."

Nikakaa na shuka mkononi. Nilikuwa na maneno yote ya kumjibu, lakini nilimwona amechoka, na amefurahi kusamehe. Nikasema, "Ahsante, baba." Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemeshana kuhusu jambo hili. Watu wanafikiri kulaumiwa bure ni vibaya. Wajaribu kusamehewa bure.

Kwenye msiba kaka alisimulia. Alisema mzee alipopoteza macho, yeye alimtafutia treni yake ya zamani, akamtengenezea kwa mikono yake, mzee akaendesha tena kabla ya kufa. Watu walilia. Shangazi alitikisa kichwa kukubali. Fundi Saa alikuwa amekaa karibu na mlango, na nilipomtazama akainuka kwenda kusaidia kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Sasa mambo yako hivi. Fundi Saa alihamishwa pale barazani, kaka akaweka rundo la matairi kwenye kona yake. Ndiyo siku aliyokuja kunisimulia yote. Nilimwambia aende akamsimulie shangazi. Akasema sasa shangazi atadhani anasema kwa hasira ya kufukuzwa. Huenda ni kweli. Shangazi amezeeka, bado anaishi kwetu, nampikia. Sanduku la baba liko dukani kwa kaka, linazuia mlango usipigwe na upepo. Spana zimo humo humo, zinaota kutu. Hata kulifungua hajalifungua.

Mama Mkwe yuko kwangu, ndani ya soksi ile ile aliyokuja nayo. Rangi ya kijani nimeikwangua yote, nimeiona namba yake. Na mwaka huu, kwenye gunia jingine, nilipata kichwa cha treni kilichopondeka ambacho mota yake ni nzima. Nimeipima, inaingia. Gia yake pia ni nzima, haihitaji uzi. Nimeviweka kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati, na sijaviunga.

Fundi Saa ana deni langu la neno moja alilolimeza na chai. Shangazi ana deni la kuuliza, kwa sababu hakuniuliza hata mara moja. Baba namdai pia, siwezi kusema simdai, lakini aliyepokea sanduku lake amepokea na deni lake. Kwa hiyo deni kubwa liko kwa kaka. Anatakiwa aje kwenye chumba kile cha nyuma, shangazi akiwa bado anasikia, aseme kwa mdomo wake: aliyemtengeneza ni dada, aliyemuunguza ni mimi. Akishasema, nitamfunga Mama Mkwe mota mpya hapo hapo, nitasukuma mkono mbele, na pua itatangulia. Mpaka leo hajaja. Duka lake liko mtaa wa pili.